Akiba ya Mama wa Chanika: Historia ya Njaa, Mafuriko na Nyumba Iliyojiandaa kwa Kiasi



Kila msimu wa harusi ukikaribia tunaletewa maswali yale yale. Kasha liwe na kanga doti ngapi, shuka ziwe za rangi gani, vyombo vya jikoni vinunuliwe seti au kimoja kimoja. Ni maswali mazuri na tunayapenda. Ila ni mara chache bi harusi huuliza nyumba yake mpya iwe na nini siku umeme ukikatika kwa wiki nzima, bahari ikichafuka boti zisivuke, au mvua ikikata njia ya sokoni. Leo tunalijibu swali hilo kwa njia ya historia, na tutavuka bahari kulijibu. Tunakwenda Chanika, Handeni, kwa wanawake ambao bibi zao waliijua shida ya ghala tupu, wakaacha mafunzo ambayo sisi wa visiwani tunayahitaji.

Tunasema mapema kwamba makala haya si ya kutiana hofu. Hatumwambii mtu ajaze chumba magunia. Tunazungumza juu ya kiasi: akiba ndogo, iliyopangwa, inayomtosha mke, mume, watoto na jirani mmoja mpaka hali itengemae.

Chanika ni wapi, na inatuhusu nini

Hatuzungumzii Chanika ile ya Ilala, Dar es Salaam. Chanika yetu ni kata ya mji wa Handeni, mkoa wa Tanga, na wenyeji wengi wanapotaja Chanika huwa wanakusudia mji wenyewe. Ukiufuata Mto Pangani kutoka baharini kwenda bara unafika Korogwe, na ukipinda kusini unaingia Handeni. Ndiyo nchi ya Wazigua, ndugu wa Wanguu wa milimani na majirani wa Wasambaa.

Kwa mtu wa Unguja au Pemba hiyo si nchi ya mbali. Pangani na Saadani zilikuwa bandari zilizotazamana na Unguja, na watu, nafaka na mifugo vilivuka kwa majahazi miaka na miaka. Familia nyingi za visiwani zina bibi aliyetoka Mrima. Baadhi ya bibi hao hawakuja kwa hiari yao. Waliletwa na njaa, na habari yao ndiyo inayotufanya tuanzie huko.

Handeni ni nchi yenye rutuba lakini mvua zake haziaminiki. Kuna vuli, kuna masika, na kuna miaka ambayo moja hukosekana au zote mbili hupungua. Usambara na milima ya Nguu hupata mvua nzuri zaidi. Nyanda zilizo kati yake hungoja, na mama wa Kizigua aliijenga nyumba yake akijua kwamba pengine atangoja sana.

Akiba ilivyowekwa

Akiba ya zamani haikuwa kitu kimoja. Kulikuwa na mahindi na mtama juu ya dari, juu ya meko, ambako moshi wa kila siku ulifukuza wadudu. Kulikuwa na mbegu ndani ya vibuyu, zimefungwa vizuri na mara nyingine zimechanganywa na majivu, na hizo hazikuliwa hata watoto wakilia, kwa sababu aliyekula mbegu alikuwa amekula mavuno ya mwaka unaofuata. Kulikuwa na muhogo, ambao una sifa ya kubaki ardhini miezi mingi ukisubiri kuchimbwa, na ukishachimbwa hukatwa, hukaushwa juani na kuwa makopa yanayokaa muda mrefu.

Kulikuwa na mashamba zaidi ya moja: moja bondeni palipo na unyevu, jingine juu pasipofikiwa na maji. Mvua ikizidi la bondeni hufa na la juu huishi. Mvua ikipungua huwa kinyume chake. Kulikuwa na mbuzi na kuku, ambao ni akiba inayotembea. Na kulikuwa na ndugu. Mtu aliyekuwa na shangazi au binti aliyeolewa milimani alikuwa na mlango wa kubisha mwaka mbaya, na yeye naye alibishiwa mlango wake mwaka wa pili.

Hata porini palikuwa na akiba, kwa aliyekuwa na elimu yake. Kuna viazi pori vyenye sumu ambavyo havilwi mpaka vimenywe, vikatwe vipande vyembamba na kulowekwa siku kadhaa huku maji yakibadilishwa. Mama asiyejua hatua hizo aliweza kuwadhuru watoto wake kwa chakula chenyewe. Elimu hiyo ilitoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu, na ilikuwa na thamani kuliko gunia.

Utaona kwamba hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwa kikubwa. Nguvu yake ilikuwa katika kutawanywa. Kimoja kikiharibika, vingine vinabaki.

Miaka ya 1830: watu walipouzwa kwa nafaka

Lakini kuna ukame unaoshinda akiba ya nyumba moja. Katika miaka ya 1830 ukame mkali uliikumba nchi ya Wazigua na njaa ikafuata. Mashamba yote mawili yalikauka, ndugu wa karibu nao wakawa hawana kitu, na watu wakaanza kushuka pwani kutafuta chakula.

Jamii ya Wazigua ilihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Wakati wa shida kubwa, mtoto au msichana aliweza kuwekwa rehani kwa mtu mwenye chakula, kwa makubaliano kwamba atakombolewa neema ikirudi. Desturi hiyo ilikuwa na uso wa huruma, maana mtoto alipata kula. Ila bandarini mambo yalikuwa mengine. Mapokeo ya Wazigua yanasimulia kwamba wengi walidhani wanakwenda kufanya kazi kwa muda, wapate chakula na kurudi. Badala yake walipakiwa majahazini na kuuzwa. Wengine waliishia Unguja. Wengine walipelekwa kaskazini, pwani ya Benadir, kwenye bandari kama Barawa na Merka, na kutoka hapo wakapelekwa kulima mashamba ya bonde la Mto Shabelle nchini Somalia.

Tulitafakari jambo hili, dada zetu. Msichana wa Handeni alipoteza nchi yake, jina la baba yake na pengine dini ya kizazi chake kwa sababu ya vipimo vichache vya nafaka. Tunapozungumza juu ya akiba ya nyumbani, watu huona ni jambo dogo la jikoni. Historia ya Wazigua inaonyesha kwamba ghala likiisha, mtu wa kwanza kuwekwa mezani kama bei mara nyingi ni binti.

Wanankhucha na watu wa Mto Juba

Habari haikuishia hapo. Huko Somalia kundi la Wazigua lilitoroka utumwani, na mapokeo yao yanamtaja kiongozi wao kuwa ni mwanamke, Wanankhucha. Aliwaongoza kuelekea kusini mpaka kwenye misitu ya Mto Juba, ambako walifyeka mashamba na kuanzisha vijiji vyao. Nia ilikuwa kurudi nyumbani. Wakaishia Juba kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini.

Hawakuwa na vitu. Walichobeba ni lugha ya Kizigua, majina ya koo na ujuzi wa kulima. Wajukuu wao wakaslimu, wakajua Kisomali, lakini ndani ya nyumba Kizigua kiliendelea kuzungumzwa.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaenea, vijiji vya Juba viliporwa. Wakulima hao walikuwa na ghala zenye chakula na hawakuwa na silaha, kwa hiyo kila kundi lenye bunduki liliwapitia. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab nchini Kenya, na kutoka Kenya maelfu walihamishiwa Marekani katika miaka ya 2000. Wengine walishuka kusini, na serikali ya Tanzania ikawapokea katika kambi ya Mkuyu, wilaya ya Handeni. Kuanzia mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, katika wilaya hiyo hiyo, wakapewa ardhi ya kulima. Kufikia mwaka 2009 walikuwa wakipokea uraia wa Tanzania.

Kwa hiyo nchi iliyowapoteza mabinti zake kwa njaa iliwapokea wajukuu zao kwa vita, na mwenyeji na mgeni waliweza kuelewana kwa Kizigua. Subhanallah.

Nzige, kodi na vita

Turudi Handeni. Miaka ya 1890 ilileta misiba iliyofuatana. Mwanzoni mwa muongo huo sotoka iliua ng'ombe Afrika Mashariki nzima, na hivyo akiba inayotembea ikaondoka. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuishika pwani baada ya vita ambavyo Bwana Heri wa Saadani, aliyeungwa mkono na Wazigua wengi, alipigana nao mpaka 1890. Kisha mwaka 1894 wakaja nzige. Nzige hawachagui shamba la bondeni wala la juu, kwa hiyo hata mpango wa mashamba mawili haukusaidia. Njaa ikaendelea mpaka 1896, na haikupita miaka mingi ikarudi tena mwishoni mwa muongo.

Wanahistoria walioichunguza Handeni wametueleza jambo la kuzingatia. Hapo zamani, viongozi na matajiri wa Kizigua walikuwa na wajibu wa kulisha watu wao katika mwaka mbaya. Heshima yao ilitegemea ghala lao. Utawala wa kikoloni uliwavunja nguvu hao, ukachukua biashara iliyowapa uwezo, na kuanzia 1898 ukatoza kodi ya nyumba. Ili kulipa kodi, familia iliuza nafaka baada ya mavuno wakati bei iko chini, kisha ikanunua wakati wa kiangazi bei ikiwa juu. Mama alikuwa bado anajua kuhifadhi. Kilichokosekana ni cha kuhifadhi.

Vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini chini ya Jenerali Smuts yaliingia Handeni yakiwafukuza Wajerumani kuelekea kusini, na tarehe 24 Juni wakapigana kwenye Mto Lukigura. Jeshi linalopita hula. Pande zote mbili zilichukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, na wengi wa wapagazi hao hawakurudi. Wanawake walibaki na mashamba makubwa, mikono michache na dari tupu. Mwaka 1918 na 1919 homa kubwa iliyoizunguka dunia nayo ikapita katika miili iliyokwisha kudhoofika.

Ukiziweka njaa hizi pamoja unaona kwamba mvua peke yake mara chache ilitosha kuua. Iliua pale ambapo kitu kingine kilikuwa kimekwisha kuondoa akiba kabla yake: biashara ya watumwa, ugonjwa wa mifugo, kodi au jeshi.

Unga wa yanga, dumuzi, bomba na maji ya 2019

Walio na umri wanakumbuka katikati ya miaka ya 1970, ukame ulipokutana na kuhamishiwa vijijini na nchi ikalazimika kuagiza chakula nje. Mahindi ya njano kutoka Marekani yalipewa jina la yanga, kwa rangi ya jezi, na watoto wa wakati ule wanaikumbuka harufu ya ugali wake mpaka leo. Ilikuwa shida, lakini haikuwa kama ya 1894. Meli zilifika, na serikali iligawa. Hilo lazima tulisahilishe: msaada wa dola una nafasi yake, na nyumba peke yake haiwezi kila kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aligundulika Tabora mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati, dumuzi, ambaye wakulima wengine walimwita Skania kwa nguvu zake. Dumuzi hula mahindi yaliyo kwenye magunzi, na hula makopa pia. Yaani alivamia nguzo mbili za akiba ya mama wa Handeni kwa mara moja, na moshi wa meko haukumtosha. Tunasema akiba haiozi, lakini mahindi yanaliwa, na aliyeweka bila kukagua hana akiba. Ndiyo sababu siku hizi wakulima hupukuchua mapema, hukausha vizuri na kuweka kwenye mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani na kiroba nje. Ukiifunga barabara, hewa huisha na wadudu hufa bila dawa.

Maji nayo yana historia yake. Katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba kuu linalovuta maji Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni, maarufu kwa jina la HTM. Mitambo ilichakaa, watu wakaongezeka, na kwa miaka mingi wanawake wa Chanika walirudi kwenye malambo na madumu, wakati mwingine wakiamka usiku kuwahi foleni. Mji huo umo katika mradi wa maji wa miji 28. Hata hivyo ukitembelea nyumba za huko utakuta mapipa na matangi ya kukinga mvua kutoka bati. Mama wa Chanika haiamini mvua, lakini ikija haiachi ipite bure.

Na ikija huja kwa nguvu. Oktoba 2019, katika nchi hiyo hiyo ya ukame, mvua kubwa zilileta mafuriko wilayani Handeni, watu wakapoteza maisha na barabara ya Korogwe kwenda Handeni ikakatika. Familia iliyotegemea kununua unga wa kila siku dukani ilijikuta duka lenyewe linangoja lori lisiloweza kuvuka.

Kwetu visiwani

Sisi hatuna dumuzi kwa wingi huo, lakini tuna bahari, na kila tunachokula karibu chote huvuka. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo vya Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu mingi; Pemba ilinusurika, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Miaka themanini baadaye, Aprili 1952, kimbunga kingine kiliifikia Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na boti za Unguja zikasimamishwa. Wasemao kwamba pwani yetu haina vimbunga wanasahau.

Na bila ya upepo wowote, tarehe 10 Desemba 2009 Unguja ilizimika umeme, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Pampu zilisimama, bomba zikakauka, na wanawake walipanga foleni visimani na ndoo kichwani kama bibi zao. Nyumba zilizokuwa na pipa la maji, seredani na kandili zilihangaika kidogo. Nyumba zilizokuwa na friji kubwa iliyojaa nyama zilipata hasara siku ya pili.

Dini yetu inasemaje

Wapo wanaodhani kuweka akiba ni upungufu wa tawakkul. Tukitazama vizuri tutaona sivyo. Nabii Yusuf, alayhi salaam, aliwaelekeza watu wa Misri walime miaka saba na kuhifadhi mavuno katika masuke yake, wale kidogo tu, kwa ajili ya miaka saba ya shida. Nafaka katika suke hukaa zaidi. Hata hilo la kiufundi halikuachwa. Sayyidna Umar, Mungu amuwie radhi, amepokea katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alikuwa akiuza tende za mitende ya Bani Nadhir na kuwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Na tunajua habari ya aliyeuliza kama amwache ngamia na kutegemea, akaambiwa amfunge kwanza kisha ategemee.

Ila kuna mipaka miwili. Wa kwanza ni ihtikari, kuficha chakula watu wanakihitaji ili bei ipande. Hilo limekatazwa. Akiba ya nyumba ni ya kula, si ya kufanyia biashara ya shida za watu, na inanunuliwa wakati wa neema, kidogo kidogo. Anayekimbilia dukani siku ya tangazo la kimbunga na kubeba mifuko kumi ya mchele amemchukulia jirani yake wa mwisho kwenye foleni.

Mpaka wa pili ni ubakhili. Wanavyuoni wanaeleza kwamba chakula kile cha mwaka katika nyumba ya Mtume kilikuwa kikiisha kabla ya mwaka kwa sababu ya kutoa. Naye Sayyidna Umar, katika ule Mwaka wa Majivu, ukame ulipoikausha Hijazi mwaka wa 18 Hijria, alijizuilia samli mpaka watu wapate. Na watu wa kabila la Ash'ari walisifiwa na Mtume kwa kuwa chakula kikipungua walikusanya walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawa kwa sawa. Ndiyo maana mwanzoni tulimtaja jirani mmoja. Mhesabu tangu unaponunua.

Kasha la pili

Basi pamoja na kasha la nguo, tunapendekeza bi harusi awe na kasha la pili, taratibu, ndani ya mwaka wa kwanza wa ndoa. Si lazima likamilike siku moja.

*Maji.* Mashirika ya misaada huweka lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha kunywa, kupika na usafi. Watu wawili kwa siku tatu ni lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20. Yaoshwe, yafunikwe, maji yabadilishwe mara kwa mara. Ya kisima yachemshwe kabla ya kunywa.

*Chakula.* Mchele, unga, maharage, choroko, sukari, chumvi, mafuta, tende. Vya wiki mbili vinatosha kwa kuanzia. Kanuni ni moja: kipya nyuma, cha zamani mbele, na kila mwezi funua ukague. Nunua unachokula siku zote, usinunue usichokipenda kwa sababu kimeandikwa kuwa kinakaa.

*Moto na mwanga.* Seredani na mkaa kidogo hata kama una gesi, kibiriti ndani ya kopo lisiloingia maji, tochi, taa ya sola. Mkaa usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa; hewa yake huua watu usingizini bila harufu.

*Dawa.* Za kila siku za mwenye maradhi, zitoshe wiki mbili. Pakiti za ORS. Zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi.

*Karatasi.* Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na hati, ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, pahala ambapo wewe na mume mnapajua. Watu wa Mto Juba walibakiwa na lugha kuwa ushahidi wao; sisi tuna nafasi ya kuweka na vyeti.

*Sitara.* Baibui au buibui, mtandio na viatu karibu na mlango, pamoja na nguo za mtoto na mahitaji ya hedhi. Mafuriko hayakupi muda wa kufungua kabati.

*Fedha.* Noti ndogo ndogo taslimu. Umeme ukikatika, simu huzima na mawakala hufunga.

*Watu.* Jua nani katika mtaa ni mjane, nani ni mjamzito, nani hawezi kutembea. Jua nyumba ipi iko juu. Ukiwa na ndugu shamba, endeleza uhusiano sasa, usingoje shida. Na utangazapo hali mbaya, sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa kuliko sauti za kusambaziana.

Hilo la mwisho ndilo tungependa libaki nanyi zaidi. Tukirudi kwenye dari ya mama wa Kizigua, gunia lilisaidia, lakini aliyekuwa na ndugu milimani alisaidika zaidi, na aliyekuwa na elimu ya viazi pori aliwalisha na wasio wake. Njaa za Handeni ziliwamaliza kwanza waliobaki peke yao, na hasa mabinti wasiokuwa na wa kuwasemea. Bi harusi anayeanza nyumba leo anaweza kuwa mlango wa kubishwa na mwenziwe, naye akawa na mlango wa kubisha.

Wiki hii, dada, anza na dumu moja la maji na kilo mbili za mchele, kisha mwambie shoga yako naye aanze.

Ewe Mola, zijaalie nyumba zetu kuwa na utulivu, riziki zetu kuwa na baraka, na mikono yetu kuwa myepesi ya kutoa. Wakinge watu wa Handeni, Korogwe, visiwani na kila pahala na njaa, kiu na mafuriko, na warehemu waliotangulia, wale walioondoka kwao kwa ajili ya pishi ya nafaka wasirudi. Amin.